Viti Barazani

Mtaani kwao, huko Butembo, watu walijua habari ya kifo kabla ya kusikia kilio. Walitazama baraza ya Gamaliel. Kama viti vya gari vilikuwa vimepangwa pale ukutani, vikielekea barabara kama wagonjwa wanaongoja kuitwa, basi kulikuwa na maiti ya kupelekwa kijijini. Wanawake walirudi kwanza nyumbani kutafuta kuni na unga. Halafu ndipo walipouliza ni nani.

Gari lenyewe lilikuwa Hiace nyeupe. Gamaliel alilinunua wakati watoto wake wote sita walikuwa bado nyumbani, na Jumapili asubuhi lilijaa mpaka mlangoni. Mama yake, mzee Jokébed, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, yaani bibi, alikaa mbele karibu naye. Mke wake Séphora alikaa nyuma na mtoto magotini, na hata jirani aliyechelewa ibada alipata pa kujibanza. Kisha mwaka mmoja, jirani mmoja alifia hospitalini, na jamaa zake hawakuwa na njia ya kumrudisha kwao, upande wa Lubero. Gamaliel hakusema mengi. Alichukua spana, akafungua buloni za viti vya nyuma, akavibeba kimoja kimoja mpaka barazani, akatandika mkeka sakafuni mwa gari mahali viti vilipokuwa. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa walijua pa kubisha hodi. Hakudai kitu. Alisema tu kwamba mtu analala kwao, na kwa watu wa milima ile hilo halihitaji maelezo.

Gamaliel alikuwa amempa mama yake ahadi mbele ya watu wote, mezani, siku ya Noeli. Alimwambia kwamba siku yake itakapofika, yeye mwenyewe atatoa viti na kumpeleka kijijini kwao Kipese, alazwe karibu na mume wake, nyuma ya nyumba, chini ya mikaratusi. Tangu hapo mzee Jokébed aliizungumzia siku hiyo kama mtu anayezungumzia safari ya soko. Alikuwa na kitenge chake tayari. Alijua ni wimbo gani uimbwe gari likianza kupanda, na ni nani asiruhusiwe kuuanzisha kwa sababu ya sauti yake mbaya.

Lakini Gamaliel alitangulia. Kichwa kilimuuma asubuhi, jioni hakusema tena. Siku hiyo Séphora ndiye aliyetoa viti, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua spana inawekwa wapi. Ilikuwa wakati wa mvua kubwa. Daraja moja kwenye barabara ya Lubero lilikuwa limechukuliwa na maji, na watu waliotumwa kutazama walirudi na matope mpaka kiunoni. Maiti haikuweza kungoja. Mtu aliyewapeleka watu wote kwao akazikwa mjini, kati ya majina wasiyoyajua. Mzee Jokébed hakugombana na mtu. Waliporudi kutoka makaburini alikaa kitandani, akavua viatu vyake, akasema, "Mwana wangu amelala kwa wageni." Hakulirudia tena neno hilo, wala hakuna aliyelisahau.

Baada ya hapo Séphora aliendelea kuliendesha gari mwenyewe. Gamaliel alikuwa amemfundisha zamani, kwenye uwanja wa mpira, huku watoto wakicheka. Alikuwa mshonaji wa nguo za shule, bulu na nyeupe, na kila juma alizipeleka Beni kwa binti yake wa kwanza, Providence, aliyeolewa huko na kuwa na kibanda sokoni. Watoto wengine walikuwa wametawanyika, wengine Kampala, mmoja Kinshasa. Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, Tamar, na mama mkwe wake. Kwa hiyo gari la watu wengi lilipanda milima ya Kabasha likiwa na mwanamke mmoja na mafurushi mawili, na lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni. Alichokipata sokoni kilibaki kwenye pampu. Wakati mwingine aliliacha limesimama siku nyingi, na nyasi ziliota karibu na magurudumu.

Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kulibadilisha gari ambayo baadaye alimpa kila mtu, na ilikuwa ya kweli. Ile nyingine hakumwambia mtu. Wazee wa kanisa waliendelea kubisha hodi. Kwa namna watu walivyouawa upande wa Beni miaka hiyo, kazi haikukosekana. Walikuja kwa heshima, kofia mkononi, wakilitaja jina la Gamaliel, naye hakuweza kulikatalia jina hilo. Alitoa viti. Aliendesha polepole huku ndugu za marehemu wakiimba nyuma yake, kisha alirudi peke yake, na katika kioo kidogo cha juu hakukuwa na kitu ila mkeka. Mara moja sanduku lilikuwa fupi sana. Tangu siku hiyo aliacha kukitazama kioo kile. Barabarani hilo ni kosa kubwa, naye alijua.

Mtu mmoja wa Beni aitwaye Phinées, ambaye alikuwa akileta magari yaliyotumika kutoka mpakani Kasindi, alimwonyesha gari dogo la rangi ya majivu, Carina ya milango minne, paa lake likifika kifuani mwa mtu. Alimwambia kwamba gari hili likinusa tu mafuta linafika Butembo. Séphora alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Phinées alipowasha, sauti ya mwanamke ilitoka chini ya redio ikasema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu sana. Phinées akamweleza kwamba mama huyo anakuja pamoja na gari, hakuna fundi aliyeweza kumnyamazisha. Wakapatana wabadilishane. Séphora alichotakiwa ni kuliosha lile kubwa vizuri na kuhakikisha viti vyote vimo.

Kumwambia mama mkwe, aliahirisha. Kila asubuhi alimpelekea chai akiwa na maneno tayari, na kila asubuhi alitoka na kikombe kitupu na maneno yake yale yale.

Jumamosi aliamua kuosha. Chini ya viti kulikuwa na vumbi la miaka, na harufu aliyoijua. Akachukua spana. Mkono wake uliufuata mwendo uliouzoea: buloni ndani ya kopo, kiti begani, baraza, ukuta. Alivipanga vyote vikielekea barabara. Hakufikiri. Mawazo yake yalikuwa kwenye sabuni. Akaingia ndani kuchemsha maji.

Alipotoka na ndoo, Mama Myriam, jirani wa ng'ambo, alikuwa ameshafika na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake walikuja wawili na unga, na mmoja na jerikani ya maji. Mama Myriam alitua kuni, akamkumbatia Séphora kwa nguvu, akaanza kulia.

"Pole, Mama Providence. Pole sana. Koko alikuwa mutu wa Mungu."

Séphora alisimama na ndoo mkononi. Hakuelewa mara moja. Wanawake walikuwa wameanza kukaa chini, wakivua viatu. Mzee wa kanisa Éliakim alikuwa akiingia kiwanjani amevaa koti lake la mazishi. Hapo ndipo Séphora alipogeuka akaviona viti. Kabla hajatafuta neno, mlango wa nyuma ulifunguka. Mzee Jokébed, aliyekuwa anaota jua upande wa jikoni, alitokea na fimbo yake na kitambaa kichwani. Aliwatazama wote mmoja mmoja.

"Muko nalilia nani?"

Mama Myriam alifunika mdomo kwa kitenge. Mzee Éliakim alivua kofia, akaivaa tena.

"Tuliona viti, Koko," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Mi siyakufa, Éliakim. Hata chai siyakunywa bado."

Mmoja wa wanawake alicheka, kisha wote wakacheka, kile kicheko cha watu walioogopa. Waliomba radhi. Walitaka kuchukua kuni zao, lakini mzee Jokébed alikataa, akasema kilichofika nyumbani kwake ni chake. Mzee Éliakim alifanya sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa uzima, akaenda zake akilikunja koti mkononi. Walipobaki wawili tu, mzee Jokébed aliendelea kuvitazama viti.

"Donc," alisema, "kama hakuna mufu, viti viko inje ya nini?"

Séphora alimwambia. Alimweleza mafuta, nyasi za magurudumuni, Beni, gari la rangi ya majivu. Alisema haraka haraka, akitazama ndoo. Mama mkwe wake alisikiliza mpaka mwisho. Alirudi jikoni kwenye jua lake, na siku ile hakula.

Phinées alilichukua gari kubwa Jumanne, viti vyote vimo ndani na buloni zimekazwa. Lile dogo likabaki kiwanjani mahali pale pale, na nafasi iliyobaki pembeni ilionekana kubwa kama shamba. Tamar alizunguka akipiga picha kwa simu. Majirani walikuja kupongeza. Mzee Jokébed aliwangoja waondoke. Kisha alikwenda nyuma ya gari, akamwambia Tamar afungue buti. Akaiingiza fimbo yake ndani, mpaka ikagusa mwisho, akaweka kidole mahali buti ilipokomea. Akaitoa fimbo, akaisimamisha karibu na mwili wake. Kidole kilimfikia kifuani.

"Miguu itabaki inje," alisema, akarudi ndani.

Tamar hakuelewa, akamwuliza mama yake. Séphora alielewa.

Siku zilipita hivyo. Hapakuwa na ugomvi nyumbani, na hilo ndilo lililomchosha Séphora zaidi. Gari lilifanya kazi kama alivyoambiwa. Alikwenda Beni na kurudi, sindano ya mafuta ikashuka kidogo tu, na Providence akamtania kwamba sasa anaonekana kama karani wa serikali. Lakini kila aliporudi, alimkuta mzee Jokébed amekaa kitandani na kile kitenge cha safari kimekunjwa magotini. Zamani kilikaa ndani ya sanduku lake. Sasa kilikuwa nje kila siku.

Asubuhi moja walikuwa wakimenya viazi pamoja, kila mtu na kisu chake. Mzee Jokébed alisema, bila kuinua macho, kwamba anajua yeye si kitu, mafuta ni ghali, na wafu hawana haki ya kuchagua. Lakini mwanawe alimwahidi. Na mwanawe tayari yuko kule kati ya wageni, kwa hiyo atakayelala karibu na mume wake kule Kipese ni nani?

Séphora alikiweka kisu chini.

"Mama, si mafuta tu," alisema. "Nimechoka kubeba bantu bamekufa."

Alimwambia yote. Alimwambia habari ya kioo, na mkeka, na lile sanduku fupi. Alimwambia kwamba siku alipotoa viti kwa ajili ya Gamaliel, buloni moja ilikataa, naye aliigonga kwa jiwe huku akimtukana yeye aliyekufa, na watu wakidhani analia. Alisema kwamba kila walipobisha hodi aliona anamzika tena. Na alisema kwamba siku ya kumtolea viti mama mkwe wake aliiogopa kuliko zote, kwa sababu baada yake nyumbani hatabaki mtu aliyemjua Gamaliel akiwa mtoto.

Mzee Jokébed alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini. Akapangusa mikono. Akatazama mlango ulio wazi, na gari lile dogo nje.

"Ile gari inabeba bantu namna gani?" aliuliza.

"Bakikaa, mama. Inabeba bantu bakikaa."

"Basi unipeleke nikingali na uwezo wa kukaa."

Séphora alidhani amesikia vibaya.

"Hapana matembezi," mzee Jokébed alisema. "Kuenda kabisa. Paulin mwana wa shemeji yangu iko pale, nyumba ya muzee iko, moto iko. Nitangojea siku yangu pale pale pa kulala. Wewe utakuwa umenibeba muzima, na ahadi ya mwana wangu itakuwa imetimia. Hakuna mutu atatoa kiti."

Séphora alijaribu kukataa. Alitaja baridi ya Kipese, na dawa, na habari za vita iliyokuwa ikisogea kutoka upande wa Rutshuru. Mzee Jokébed alimjibu kwamba kwa sababu ya hayo yote ni bora waende kiangazi hiki, barabara ikiwa kavu. Daraja walilitegemea mara moja, alisema, na jibu lake waliliona.

Wakaenda. Kuni za Mama Myriam, zilizokuwa bado nyuma ya nyumba, zilitiwa ndani ya buti pamoja na blanketi na sufuria. Majirani walisimama barabarani kumuaga. Hawakujua waimbe au wasiimbe, kwa maana nyimbo walizomjulia zilikuwa za siku nyingine. Mwishowe mzee Éliakim alianzisha wimbo wa asubuhi wa shule ya Jumapili. Mzee Jokébed alikaa mbele, mkanda umemshika kifuani, kile kitenge cha safari amekivaa. Séphora alipowasha, mwanamke wa Kijapani alitoa maneno yake.

"Iko nasema nini?"

"Sijui, mama. Anasemaga tu."

"Wavukire," mzee Jokébed akaisalimu redio kwa Kinande. "Si vizuri kunyamazia mutu."

Walipita Musienene. Walipita Lubero kukiwa bado na ukungu mabondeni. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana, mtu wa Kasaï kwa matamshi yake, aliinama dirishani, akamwuliza koko kama anakwenda kutembea. Mzee Jokébed akamwambia anakwenda kufa. Kijana alijiondoa dirishani kidogo. "Lakini hapana leo, mwanangu," aliongeza. "Fungua barabara." Askari akaivuta kamba mwenyewe, na walipopita alikuwa amesimama wima, mkono kwenye kofia.

Baada ya kuiacha barabara kubwa njia ilipanda kati ya mashamba ya viazi na vitunguu. Gari lilikuwa chini mno. Mawe yaligonga tumbo lake, na kila yalipogonga Séphora alikaza meno kana kwamba yanamgonga yeye. Kwenye mpando wa mwisho magurudumu yalizunguka katika vumbi, na gari likasimama. Watu waliokuwa wakitoka shambani waliweka majembe chini, wakaja. Mmoja wao alimwomba mama mzee ashuke ili gari liwe jepesi. Mzee Jokébed alitikisa kichwa. Alisema ametoka Butembo akiwa amekaa, na atafika akiwa amekaa. Walicheka, wakasukuma. Katikati ya kusukuma mwanamke mmoja alimtambua, akaliita jina lake la usichana, na wote wakasukuma kwa nguvu zaidi, wakipiga kelele kama watu wa arusi.

Séphora, akikanyaga mafuta, aliinua macho bila kufikiri. Katika kioo kidogo cha juu kulikuwa na nyuso za watu, zimejaa vumbi, zinacheka.

Nyumba ilikuwa baridi, ina harufu ya moshi wa mkaratusi. Paulin, mkulima wa umri wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa amekwisha kutandika kitanda karibu na moto. Mzee Jokébed hakuingia kwanza. Alizunguka nyuma ya nyumba na fimbo yake, akasimama mbele ya kaburi la mume wake, akasema maneno kwa Kinande ambayo Séphora aliyasikia lakini hakutaka kuyachukua. Kisha akaonyesha kwa fimbo mahali pembeni, Paulin akaitikia kwa kichwa. Walipoagana aliishika mikono ya Séphora yote miwili.

"Wasingya, mwanangu," alimshukuru. "Sasa uendeshe ukitazama nyuma."

Alikaa Kipese msimu mzima wa viazi na sehemu ya mwingine. Walisemezana kwa simu wakati mtandao ulipopatikana. Baadaye vita ilipanda milima, barabara ya Lubero ikafungwa, na kwa majuma mengi hakuna gari lililopita, kubwa wala dogo. Ilikuwa katika majuma hayo kwamba Paulin alipiga simu, asubuhi, sauti yake ikikatika katika upepo. Mama alikuwa amelala jioni akasema ana baridi, na hakuamka. Walikuwa wamekwisha kumpeleka. Hapakuwa na safari, alisema Paulin, ni kutoka mlangoni mpaka chini ya miti. Walimbeba mabegani.

Séphora alimshukuru. Aliweka simu mezani. Tamar alikuwa shuleni. Nje, mtaa uliendelea na mambo yake, pikipiki zikipanda na kushuka, na hakuna aliyejua, kwa sababu barazani hapakuwa na kitu.

Alikwenda jikoni, akakichukua kile kiti cha mbao ambacho mama mkwe wake alizoea kukalia akiota jua. Akakipangusa vumbi. Akakiweka barazani, ukutani, kikielekea barabara, kisha akaingia ndani kuchemsha maji.

Mama Myriam alipita akitoka sokoni. Aliona kiti kimoja, akasimama. Aligeuka akarudi kwake kutafuta kuni.